Kufungwa mara tatu si usaikopathi

"Daktari, mwanangu kafungwa mara tatu. Usinifiche, ni saikopathi?" Aliyeuliza ni mama wa Mbagala, katoka kumwona kijana wake Segerea. Kabla yake aliniuliza mjomba wa mtu, na wiki iliyopita mwanasheria, ambaye kwa kweli alipaswa kujua.

Kufungwa mara tatu kunathibitisha kwamba umefungwa mara tatu. Basi. Saikopathi ni mtu mwenye haiba ya ulaghai, asiye na huruma wala majuto. Kipimo chake, PCL-R cha mwanasaikolojia Robert Hare wa Canada, kilichochapishwa mwaka 1991, kina vipengele 20, kila kimoja alama 0 hadi 2. Jumla ni 40, na kule Amerika Kaskazini mtu huitwa saikopathi akifika 30. Sasa someni vipengele vyenyewe: ulaghai, kujikweza, kutojuta, hisia za juujuu, kutomwonea mtu huruma. Makosa ya jinai yamo, ila ni kipande tu. Teja anayekwapua simu Kariakoo apate hela ya unga atazoa alama za papara na uvunjaji sheria, lakini kama usiku analia akimkumbuka bibi yake, 30 ataifikia wapi?

Utafiti wa wafungwa wa Uingereza na Wales uliochapishwa mwaka 2009 uliwakuta wanaume waliofika 30 ni asilimia 7.7, wanawake 1.9. Ni hesabu za kwao, msiende kuzipachika Ukonga. Wanaosema "nusu ya wafungwa" wamechanganya na tatizo la haiba ya kutojali jamii, yaani mazoea ya kuvunja sheria na haki za wengine, ambalo ni pana zaidi, na hata hilo halitamkwi bila dalili zilizoanza kabla ya miaka 15. Ndiyo maana orodha ya kesi hainisaidii. Nileteeni mtu aliyemjua akiwa darasa la nne.

Eti saikopathi ni kichaa? Hasikii sauti, na analolifanya analijua. Mahakama ikimpeleka mshtakiwa Isanga, Dodoma, wanakopimwa akili watu wenye kesi, inataka kujua akili yake ilikuwaje alipotenda, haiulizi kama ana roho ngumu.

Eti wote ni wauaji? Wengi hawajaua mtu. Wengine hata lango la gereza hawalijui, wako Posta na tai shingoni.

Na "nilimtazama machoni nikajua" sitaki kuisikia tena. Tunahoji kwa saa kadhaa, kisha tunalinganisha na faili, kwa sababu mwongo hodari huhojiwa vizuri sana.

Yule mama nimemwambia arudi Alhamisi na shangazi aliyemlea kijana.