Je, wajua farasi mweupe alizaliwa na rangi gani?

Sikukuu moja ya Desemba nilimpeleka mpwa wangu kupanda farasi kwenye uwanja mmoja mjini Nakuru. Utaratibu wenyewe ni mfupi: unalipa, mtoto anakalishwa kwenye tandiko, mwenye farasi anashika hatamu, mnazunguka uwanja mara moja, mnapigwa picha, basi. Farasi siku hiyo walikuwa watatu, wawili wekundu na mmoja mweupe. Foleni yote ilikuwa ya yule mweupe.

Zamu yetu ilipokaribia, mtoto akauliza, "Anko, mbona huyu pekee ndiye mweupe?" Kabla sijafungua mdomo, kijana mwenye farasi akajibu: "Huyu? Huyu alizaliwa mweusi kama makaa."

Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya kuchangamsha wateja. Nikamweleza mpwa wangu, kwa ile sauti ya mtu mzima asiye na shaka, kwamba farasi mweupe huwa mweupe tangu siku anayozaliwa, na kwamba huenda huyu alikuwa na ualbino. Kijana hakubishana. Alichukua chupa ya maji, akamlowesha farasi shingoni, akazilaza nywele kwa kiganja. Chini yake palikuwa na ngozi nyeusi kama tairi. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema pengine hajaogeshwa.

Tuanze na ualbino, kwa kuwa ndilo jibu ambalo wengi wetu hulikimbilia. Mwili wenye ualbino hautengenezi melanini ya kutosha, ile rangi inayotia weusi na wekundu kwenye ngozi, nywele na macho. Farasi yule alikuwa na macho meusi, pua nyeusi, na ngozi nyeusi kuanzia masikio hadi chini ya mkia. Alikuwa na melanini tele. Kilichokosa rangi ni nywele zake tu. Tena, hadi leo hakuna farasi mwenye ualbino kamili, wa aina tunayoijua kwa binadamu au sungura, ambaye amethibitishwa. Nilikuwa nimempa farasi wa watu hali ambayo wenzake wote duniani hawajaonekana kuwa nayo.

Farasi wanaozaliwa weupe kweli wapo, ila ni wachache mno. Hao ngozi yao ni ya waridi, na mara nyingi chanzo ni hitilafu kwenye jeni iitwayo KIT, ambayo husaidia seli za rangi kusambaa mwilini mtoto angali tumboni. Wapo pia wenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo sana, ngozi ya waridi na macho ya samawati. Nao wana jeni yao tofauti. Lakini karibu kila farasi mweupe unayemwona kwenye harusi, kwenye gwaride au kwenye picha za sikukuu ni wa kundi la yule wa Nakuru. Alizaliwa mweusi, au mwekundu, au wa kahawia, kisha akapauka.

Ndiyo maana watu wa farasi hawamwiti mweupe. Hata awe kama pamba, kwenye karatasi zake wataandika kijivu. Mwanzoni niliona ni ukaidi tu wa wataalamu, wa kundi moja na ule wa kumwita kifaru mweupe mnyama ambaye mtu yeyote aliyefika Ziwa Nakuru anaona ana rangi ya tope. Kisha nikalitazama neno lenyewe. Kijivu kimetokana na jivu, na jivu ni makaa yaliyokwisha kazi. Kijana alisema mweusi kama makaa. Miaka michache baadaye farasi huyo huyo ni wa rangi ya jivu. Sijui lugha nyingine ambayo neno lake la rangi hii limebeba historia nzima ya mnyama namna hiyo.

Nyumbani nilikosea tena. Nilimwambia dada yangu kwamba farasi yule ameota mvi, ni mzee. Wala. Mvi zetu huja na umri, na farasi mzee wa rangi nyingine naye huota mvi kidogo usoni. Huyu wa kijivu huanza kupauka utotoni, mara nyingi kabla hajatimiza mwaka, na ukimtazama vizuri utaona nywele nyeupe zikimzunguka macho kama miwani. Wengi huwa weupe kabisa wakiwa na miaka kati ya sita na kumi, umri ambao farasi ndiyo kwanza ana nguvu zake zote. Wale farasi wa ukoo wa Lipizzaner wanaocheza kwa madaha jijini Vienna, Austria, weupe kama shuka la hoteli, nao huzaliwa weusi au wa kahawia.

Basi hupaukaje?

Kila unywele huota ndani ya kinyweleo, na kila kinyweleo kina seli za aina mbili zinazohusika na rangi. Kuna zile zinazofanya kazi ya kutia rangi unywele unaokua sasa, na kuna za akiba, ambazo hukaa kando zikingoja unywele uanguke na mwingine uanze. Fikiria mkulima wa mahindi kule Njoro anayetunza mbegu yake mwenyewe. Akivuna, sehemu kubwa huenda jikoni na sokoni, lakini gunia moja huning'inizwa juu ya moshi: hilo haliguswi hadi mvua za Machi. Kwa farasi wa kawaida, kila msimu wa nywele hupanda kutoka kwenye gunia lile, huvuna, kisha hurudisha mbegu kidogo. Hivyo farasi mwekundu hubaki mwekundu hadi uzeeni.

Farasi wa kijivu amezaliwa na mkulima mwenye pupa. Msimu wa kwanza anapanda mbegu yote aliyo nayo, hadi ukingoni mwa barabara. Mavuno yanakuwa ya ajabu, na kwa kweli watoto wa farasi wa kijivu mara nyingi huzaliwa na rangi iliyokolea kuliko wenzao, jambo ambalo huwachanganya hata wafugaji. Msimu wa pili kuna mbegu za kuokotezaokoteza. Msimu wa tatu gunia ni tupu. Shamba bado lipo, mvua inanyesha, unywele unaota vizuri na una nguvu zake, ila hakuna wa kuutia rangi. Unatoka mweupe.

Kila kinyweleo kina gunia lake, na magunia hayaishi siku moja. Kwa hiyo farasi hapiti kutoka mweusi hadi mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Katikati huwa na rangi ya chuma, kisha mabaka ya duara kama vivuli vya majani chini ya mti, na singa za shingoni na mkiani huweza kuwahi au kuchelewa kuliko mwili. Wengine, wakishakuwa weupe, huotwa tena na vidoa vidogo vyekundu mwili mzima. Waingereza humwita farasi wa namna hiyo aliyeumwa na viroboto, na ukimwona hutawabishia.

Ngozi nayo ni shamba jingine, lenye mbegu zake na ghala lake. Haina habari na yanayotokea kwenye vinyweleo, kwa hiyo hubaki nyeusi.

Anayempa mkulima pupa ametambuliwa. Mwaka 2008 watafiti walioongozwa na wale wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba farasi hawa wana kipande cha DNA chenye herufi kama 4,600, ndani ya jeni iitwayo STX17, kilichojirudia. Ni kama karani aliyenakili barua akaandika aya moja mara mbili. Utafiti wa mwaka 2024 uliongeza jambo linalonifurahisha zaidi: aya ikiwepo mara mbili, farasi hupauka polepole; ikiwepo mara tatu, hupauka haraka. Namna aya hiyo inavyozisukuma seli za rangi, hatua kwa hatua, bado inachunguzwa, kwa hiyo mfano wangu wa mbegu uuchukue kama mfano. Unaeleza vizuri yanayoonekana kwa macho. Haukuonyeshi kila kinachotendeka ndani ya seli.

Nakala moja ya hitilafu hiyo kutoka kwa mzazi mmoja inatosha. Hapa nilikuwa nimekaribia ukweli bila kujua: farasi wa kijivu lazima awe na mzazi wa kijivu, baba au mama. Kosa langu lilikuwa kudhani wazazi weupe huzaa watoto weupe. Huzaa watoto weusi na wekundu, ambao nao hupauka baadaye, na pengine baadhi yao wasipauke kamwe.

Pupa hiyo ina gharama. Seli za rangi zinazosukumwa kuongezeka haziishii kwenye nywele. Ngozini huweza kufanya uvimbe mweusi, hasa chini ya mkia na kwenye midomo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba asilimia 70 hadi 80 ya farasi wa kijivu waliopita miaka 15 huwa nao. Makadirio hayo hutofautiana sana kutoka ukoo hadi ukoo, na uvimbe mwingi hukua polepole kwa miaka bila kumsumbua mnyama, japo mwingine hugeuka kuwa hatari. Wale wa aya mara mbili, wanaopauka polepole, hawaonekani kuwa na hatari hiyo kwa kiwango cha wenzao.

Yule kijana aliniambia pia kwamba Mungu alimpa farasi ngozi nyeusi chini ya nywele nyeupe ili jua la Nakuru, mji ulio mita zaidi ya 1,800 juu ya bahari, lisimchome. Kwamba ngozi nyeusi humkinga ni kweli. Farasi mwenye pua ya waridi hubabuka, na wenye mali humpaka dawa ya jua. Ila ngozi nyeusi ndiyo ngozi ya kawaida ya farasi yeyote, mwekundu au mweusi. Punda milia naye, ukimnyoa, ni mweusi mwili mzima, mistari myeupe ikiwemo. Nimepita kando ya uzio wa mbuga miaka yote nikidhani ni mnyama mweupe aliyechorwa mistari myeusi. Ni kinyume chake.

Farasi wenyewe si wageni huku kwetu. Njoro, kilomita zisizofika 20 kutoka mjini, ndiko alikokulia Beryl Markham, aliyejifunza kufunza farasi wa mbio kwenye shamba la baba yake kabla hajajulikana kwa kuvuka Atlantiki kwa ndege mwaka 1936. Tumezoea punda tu. Tungezoea farasi, pengine tungekuwa na maneno ya rangi zao kama wafugaji wa magharibi mwa Kenya walivyo nayo ya ng'ombe, ambapo Mjaluo akisema rateng' (mweusi) au rachar (mweupe) hana haja ya kukuonyesha kwa kidole.

Limebaki jambo moja, nililolijua baadaye. Farasi wengi huzaliwa na alama nyeupe: nyota kwenye paji la uso, mstari unaoshuka hadi puani, soksi miguuni. Hizi hazihusiani na kupauka. Seli za rangi huanza safari yao mgongoni mwa mtoto aliye tumboni na kushuka kuelekea pembezoni. Paji la uso, pua na kwato ndizo stesheni za mwisho. Zisipofika, mahali pale hubaki bila rangi kabisa, nywele nyeupe na ngozi ya waridi. Alama hizo huchorwa kwenye karatasi za farasi akiwa mtoto ili atambulike maisha yake yote.

Sasa farasi wa kijivu akishakuwa mweupe mwili mzima, nyota yake humezwa. Nyeupe ndani ya nyeupe. Utamtambuaje?

Pasaka tulirudi uwanjani. Kijana alikuwepo, na farasi, na foleni. Nilimsalimia, nikakiri kwamba lile suala la kuogeshwa nilikosea, kisha nikamwomba alimwagie maji tena, safari hii kwenye paji la uso. Alinitazama kidogo, akamimina. Nywele zikalala. Ngozi nyeusi ikajitokeza, na katikati ya macho, upana wa sarafu ya shilingi ishirini, kipande cha waridi chenye kingo zisizonyooka.

"Hiyo alizaliwa nayo," kijana akasema. "Kwa karatasi iko."

Mpwa wangu alitaka kuigusa, lakini farasi alikuwa ameshatikisa kichwa na kuturushia maji sote.