Busole ya mukono ku Ziwa Kivu: mambo yenye mi naangaliaka mbele ya kulipa

Nianze na kitu yenye bauzishaji benyi habakuambiake: busole ya mukono yenye inatumika muzuri kabisa kule Marseille inaweza kukusumbua hapa Goma, na haitakuwa imeharibika hata kidogo. Haikutengenezewa fasi yetu tu. Mi nafundishaka batu kupeleka bato za tanga huku kwetu, na kila mara mutu anapata ndugu yake Ulaya wa kumutumia busole, swali yangu ya kwanza haikuwake ya bei ao ya marque, ni ya zone. Mwambie aangalie zone.

Maana yake ni hii. Nguvu ya sumaku ya dunia haivute mushale upande ya kaskazini peke yake, inauvuta pia kwenda chini. Ulaya inavuta ncha ya kaskazini, na pembe yake ni kali, sasa fundi anaweka kauzito kadogo ku ncha ya kusini ili mushale ikae sawa. Ekweta ya sumaku nayo haifuate ile ekweta ya ramani, huku Afrika inapita juu zaidi, kwenye latitudi 10 ya kaskazini hivi, mu Chad na Ethiopia. Kwa hiyo Goma, hata kama ku ramani tuko karibu kabisa ya ekweta, kwa sumaku tuko tayari upande ya kusini, na ncha ya kusini njo inavutwa chini. Ongeza pale kale kauzito ka Ulaya: ncha moja imebebeshwa mara mbili, kadi, ile duara ya namba yenye inabeba mushale, inainama, inagusa kioo, inakwama, bato inageuka lakini namba haigeuke. Na mutu akishasoma namba mbaya mara moja mbili anaanza kusema busole ni kitu ya zamani, anaitupa mu droo.

Kampuni ya busole yenye kuitwa Silva inaandikaka zone zake MN kwa kaskazini, ME kwa ekweta, MS kwa kusini, ingine yenye kuitwa Plastimo inatumia herufi A, B na C. Sisi tunaomba ile ya ekweta ao ile yenye imebalansiwa kwa dunia yote. Kama zote mbili hazipatikane, heri ya kusini kuliko ya kaskazini.

Ile tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani, yenye baharia ba inchi zingine banahesabuka kila siku, hapa kwetu ni ndogo sana, kwa mashindano usiitie mu kichwa.

Sasa umbo. Ziko za aina mingi lakini mi nasimamia moja: ile ya muviringo, ya kuingia mu kiganja, imefunikwa na mpira, yenye unaweka karibu ya jicho. Plastimo Iris 50 njo yenye kujulikana zaidi, Silva 70 iko vilevile, na kampuni ya Ufaransa yenye kuitwa Vion inatengeneza zake. Uzuri wake uko mu prizma, kale kakioo kenye kanapindisha mwangaza. Namba inaonekana sawa iko mbali, pale pale juu ya kitu unaangalia, jicho haina kazi ya kuruka kutoka karibu kwenda mbali. Sisi benye tunavaaka miwani ya kusoma tunaisoma bila miwani, na hiyo ku bato, maji inakurukia mu uso, ni faida kubwa kuliko vile mutu anafikiria akiwa dukani.

Ile ya kushika sawa bunduki, na mukono yake na taa ndani, usiku iko muzuri juu kadi yake ni kubwa. Lakini unaisoma mbali na uso, ukiinamisha kichwa kidogo namba inabadilika, na ku bato kadogo haina fasi ya kukaa. Suunto KB-14 ni chombo ya kuheshimu, bapima ardhi banaipenda juu inasoma mpaka sehemu ya digrii, ila ku mawimbi ile usahihi yote haikusaidie, kadi inacheza digrii tano huku na tano kule, unabaki kukisia katikati. Na ile ya plastiki ya bapanda mlima, ya kugeuza duara na mikono mbili, iache ibaki kule Nyiragongo. Ku bato mukono moja iko ku kamba ya tanga ao ku bato yenyewe, busole inabakia na mukono moja tu, na ile mukono moja njo inapaswa kufanya kazi yote.

Ku mashindano faida yake inaanza mbele ya kuanza, hapa niende polepole kidogo. Kwanza unatafuta upepo: unaelekeza bato kabisa mu upepo, tanga inapigapiga katikati, unasoma. Tuseme inatoa 160, ni kawaida mu kiangazi wakati upepo inatoka kusini. Kisha unaenda ku mwisho wa kuume wa laini ya kuanzia (kuume ukiangalia upepo), unaangalia boya ya mwisho wa kushoto na busole ku jicho. Laini yenye imenyooka sawasawa na upepo ingesoma 070, ni 160 kutoa 90. Wewe unasoma 080. Ile digrii kumi inamaanisha mwisho wa kushoto umesogea karibu ya fasi upepo inatoka, kule mashindano inaelekea, na ku laini ya mita 100 mwenye anaanzia kushoto anatangulia mita 17 mbele hata tarumbeta haijalia. Mita 17! Batoto benye nafundisha wanaweza kufanya kazi juma nzima ya kurekebisha tanga na habapate hata tano. Mutu mwenye hana busole ataanzia fasi batu benyi banaanzia, basi.

Kisha mu njia ya kupanda upepo, maana kwenda fasi upepo inatoka kwa kugeukageuka. Upepo ni 160, bato ya kawaida inapanda kwa digrii 45 hivi, kwa hiyo upepo ikiwa kuume kwako unaenda 115, ikiwa kushoto unaenda 205. Hizi namba mbili ziandike na kalamu ya wino ku bato, pale macho inafika. Ukiona upepo iko kuume kwako na badala ya 115 bato inakubali paka 105, upepo imegeuka kwenda 150, inakusukuma mbali na boya, geuka: upande wa pili njo inafaidika sasa. Na ile swali ya kila mara, nigeuke sasa ao ningoje kidogo ili nifike ku boya bila kugeuka tena, busole inaijibu: uko unaenda 115, unaangalia boya mara kwa mara, ikifika 205 geuka, ongeza digrii chache juu maji inakupeleka pembeni. Batu banageukaka mapema sana, karibu kila mara, juu boya inaonekana karibu na roho inakimbia.

Mwenye anashika usukani hawezi kufanya hii yote peke yake, mikono imejaa. Busole ya mukono ni ya mwenzake, ao ya ile dakika mbele ya kuanza. Kama uko peke yako mu bato, angalia aina sawa Iris 100, yenye unafunga ku bato na kuitoa ukitaka kupima kitu.

Kitu ingine ya kwetu kabisa: mawe. Goma imejengwa juu ya lava, kuta ni lava, barabara ni lava, ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya muji mpaka mu ziwa. Hiyo mawe meusi iko na magnetite ndani na inavuta busole. Usijaribu busole yako ukisimama ku mawe ya pwani ukaamua ni mbaya. Chukua mulima moja yenye iko mbali, ipime fasi ya kwanza, tembea hatua kadhaa, ipime tena, tena. Kama namba inaruka ovyo ukitembea, ni jiwe. Pima ukiwa mu maji, mbali na pwani, njo utajua ukweli.

Mu bato pia. Bato zetu za mbao ziko na misumari mingi, motere iko nyuma, kuna kisu, kuna telefone mu mufuko ya jile na kifuniko yake ya sumaku, kuna spika yenye bajeune banabeba. Uzuri wa busole ya mukono ni kwamba unaweza kuondoka nayo: simama mbele, mbali na motere, telefone iache nyuma. Miwani yenye fremu ya chuma pia, hapa watu habaamini mpaka banajaribu: vua, rudisha, angalia kadi.

Kwa benye habashindane, banavuka tu, mukiwa munaenda Idjwi na ukungu inafunga, fikiria hesabu hii: kukosa digrii tatu mu kilomita 20 ni kufika zaidi ya kilomita moja pembeni. Ukiwa bado unaona pwani, pima vitu tatu vyenye havisogee, Mont Goma kwa mufano, kisiwa cha Tchegera, na Nyiragongo kama mawingu imeiacha, zichore ku ramani, fasi laini zinakutana njo uko. Zitafanya kapembe tatu kadogo, ni kawaida. Usiku usipime taa ya bavuvi ba sambaza, ile taa inatembea, hata kama inaonekana imetulia kabisa. Na kama bato ingine inakuja kwako, ipime mara kadhaa: namba ikibakia ileile na inakaribia, mutagongana. Iko mu sheria ya kimataifa ya 1972 ya kuzuia kugongana baharini, na ku ziwa yetu inafanya kazi vilevile.

Telefone? Inasaidia kwa ramani. Lakini GPS inaonyesha fasi unaenda wakati unasogea, haikuambie ile boya iko upande gani, na busole ya ndani ya telefone inataka kuzungushwa zungushwa kila mara ndio isome sawa. Zile za elektroniki za mashindano, sawa Micro Compass ya Raymarine yenye inatumia jua, ni nzuri sana, zinafungwa ku mulingoti na zinaonyesha upepo ikigeuka. Mbele ya kununua soma sheria ya klasi ya bato yako, zingine hazikubali elektroniki.

Bei ya ile ya kiganja iko karibu na euro 100 kule Ulaya, bila usafirishaji. Ikifika fungua mbele ya mwenye kuileta. Ziwa yetu iko ku mita 1,460, kale kapovu kadogo kenye unaweza kuona ndani ya maji ya busole ni juu ya urefu huu na baridi, haina shida. Kapovu kakubwa kenye kanapita mbele ya namba, rudisha. Ishike sawa mu mukono, geuka muzunguko mzima polepole, kadi iogelee bila kugusa kioo popote, hii njo majaribio ya zone. Kisha iweke chini, ikae, soma namba. Leta kisu karibu upande moja mpaka kadi ivutwe, ondoa kisu, ngoja, soma. Fanya vile ku upande wa pili. Namba inapaswa kurudia ileile. Ikirudi fasi mbili tofauti zaidi ya digrii moja ao mbili, kale kasindano kenye kadi inakalia kameisha, na hakuna fundi huku mwenye atakatengeneza. Ya kungaa gizani imulike na tochi kidogo, ifunike na mikono, angalia kama namba inasomeka. Kisha ifunge kamba ya shingo, ya kitambaa, isiwe na kafungio ka chuma.