Kuthibitisha Kitambulisho Bila Kukionyesha: Dhana Potofu na Ukweli

Steshenari za katikati ya jiji la Mwanza hazikosi mtu anayetoa kopi ya kitambulisho cha NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ili aiache kwa mwenye nyumba au kwenye ofisi ya mikopo, asijue itaishia mikononi mwa nani. Hisabati ina njia ya kuepuka kopi hiyo, iitwayo uthibitisho usiofichua siri, lakini njia yenyewe imezungukwa na dhana zisizo sahihi.

Dhana: Huwezi kuthibitisha usichokionyesha.
Wanasayansi wa kompyuta Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walionyesha kinyume chake mwaka 1985. Tuseme mkopeshaji wa mwaloni Kirumba anataka kujua kama muuza dagaa ametimiza miaka 18. Leo ataomba namba ya NIDA yenye tarakimu 20, ambayo nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo atapata mengi kuliko alichohitaji. Kwa uthibitisho usiofichua siri, simu ya mwombaji hukokotoa juu ya taarifa zilizotiwa na mamlaka saini ya kidijitali (alama ya kihisabati inayoonyesha zimetoka kwake), kisha hutoa ushahidi mfupi kwamba umri umetimia. Mkopeshaji huuhakiki ushahidi huo bila kuiona tarehe.

Dhana: Huo ni usimbaji wa kawaida tu.
Sivyo. Usimbaji hugeuza taarifa isomeke kwa mwenye ufunguo wa siri tu, na ikimfikia hufunguka yote. Hata kuibadilisha tarehe ya kuzaliwa kuwa msimbo usiorudishika nyuma hakutoshi, kwa kuwa tarehe za miaka 100 ni kama 36,500 tu, na kompyuta huzijaribu zote kufumba na kufumbua.

Dhana: Lazima kuwe na blokicheni.
Hapana. Nadharia hii ilitangulia Bitcoin, sarafu ya kidijitali iliyoeneza blokicheni (daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja), kwa zaidi ya miaka ishirini.

Dhana: Hati ya kughushi haiwezi kupita.
Hapa ndipo watu wengi hupotea, wakiwamo wauzaji wa mifumo. Ushahidi huonyesha tu kwamba taarifa zilizosainiwa zinatimiza sharti. Ofisa aliyeingiza mwaka usio sahihi kabla ya saini kuwekwa, kosa lake litapita bila kizuizi. Picha ya kadi iliyopigwa kwa simu nayo haina saini ya kuhakikiwa, tofauti na pasipoti ya kielektroniki yenye chipu, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018. Tena, bila kufungamanisha taarifa na ufunguo wa siri unaofunguliwa na mwenyewe pekee, mathalani kwa alama ya kidole, kijana anaweza kuazima simu ya kaka yake na kuonekana mtu mzima.

Dhana: Ukiitumia, hakuna atakayekujua.
Mkopo ukirejeshwa kwa simu, jina la mlipaji hutokea kwenye ujumbe wa muamala. Uthibitisho hulinda swali lililoulizwa pekee.

Dhana: Teknolojia ikiwapo, kopi zitakoma zenyewe.
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka zikusanywe taarifa zinazohitajika kwa kusudi husika tu. Lakini ofisi isiyo na mfumo wa kuuhakiki ushahidi huo itaendelea kudai kopi, na mwombaji atarudi steshenari.