Uuguzi wa Uganda: kazi kwanza, ruhusa baadaye

Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, hotuba zetu huanzia kwa Florence Nightingale na taa yake. Sina ugomvi na mama yule. Hospitali ya kijeshi ya Scutari, Uturuki, mwaka 1854, kisha shule yake London mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas', hayo ni kweli na yana uzito, na wadi ndefu zenye vitanda pande mbili mpaka leo zinanuka mkono wake. Ila mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia maumivu wenye magonjwa mazito, naishi Kasese, na siku nyingi utanikuta kwenye bodaboda nikiwa na chupa za mofini, dawa kali ya maumivu, begani, naelekea vijiji vya upande wa Mpondwe. Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo hawaniulizi habari za Scutari. Wanauliza: "Sista, wewe si daktari. Nani alikuruhusu kuandika mofini?"

Jibu fupi ni kwamba sheria iliniruhusu mwaka 2004. Jibu refu linaanza mbali zaidi, kwa sababu hapa kwetu uuguzi haukukua kwa kugawiwa madaraka. Daktari hakuwepo, mgonjwa yupo, mtu akakunja mikono ya shati akafanya. Muhuri ulikuja baadaye, mara nyingine baadaye sana.

Wengi huanza hesabu na wamisionari. Mimi huanza na Kahura, Bunyoro, mwaka 1879. Robert Felkin, mmisionari aliyekuwa na mafunzo ya udaktari, alishuhudia pale mwanamke akipasuliwa kumtoa mtoto tumboni, na mwaka 1884 akachapisha alichokiona. Watu husimulia kisu. Mimi huwaambia wanafunzi waangalie wasaidizi. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikatumika kumwosha tumbo na kuosha mikono ya mpasuaji. Mmoja alishika vifundo vya miguu, mwingine akatuliza tumbo. Baada ya mtoto na kondo kutoka, mama aligeuzwa ili maji na damu vichuruzike, ndipo jeraha likafungwa kwa vijiti vya chuma na nyuzi za gome. Kisha wakapaka dawa ya mizizi iliyotafunwa, wakafunika kwa jani la mgomba na nguo ya magome. Maziwa ya mama yalipokuwa haba, mwanamke mwingine akamnyonyesha mtoto. Felkin alimfuatilia mama kwa siku 11 na kumwacha akiendelea vizuri. Kuandaa mgonjwa, kumshika, kumgeuza, kufunga kidonda, kumlisha mtoto: toa jina la mpasuaji, kilichobaki ni orodha ya kazi za zamu yetu.

Hospitali ya Mengo, Kampala, ilianzishwa mwaka 1897 na Daktari Albert Cook. Katika msafara uleule wa wamisionari alikuja muuguzi Katharine Timpson, aliyeolewa na Cook mwaka 1900, na kwa maoni yangu historia haijampa mama huyu haki yake. Mumewe ana sifa tele. Ila katika hospitali ile, ya miti na nyasi, iliyoteketezwa na radi mwaka 1902 ikajengwa upya, mtu aliyeijua kazi ya wadi kwa mafunzo alikuwa yeye. Wenyeji waliosaidia walijifunza kwa kuona: leo unachemsha vyombo, kesho unafunga bendeji, keshokutwa unaachiwa chumba.

Wagonjwa nao walikuja na jamaa zao, na jamaa hao hawajaondoka mpaka leo. Ingia wadi yoyote ya serikali alfajiri utawaona wakikunja mikeka iliyokuwa chini ya vitanda, mmoja amebeba beseni, mwingine anasaka maji ya moto. Wao ndio wanaoosha, wanaolisha, wanaogeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya mgongo. Vitabu tulivyosomea vimeandikwa kana kwamba hawapo. Muuguzi wa Uganda asiyejua kumfundisha shangazi wa mgonjwa jinsi ya kumgeuza hajaiva, hata awe na alama gani.

Sasa tuje kwenye sehemu isiyopendeza. Shule ya kwanza ya wakunga haikuzaliwa na huruma peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 kando ya Ziwa Victoria, serikali ya kikoloni ikaingiwa na hofu ya kuishiwa na watu. Mwaka 1908 daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, akadai kwamba sehemu kubwa mno ya Baganda ilikuwa na kaswende. Watafiti wa baadaye wamezitilia shaka sana hesabu zake, wengine wakiona kwamba mengi aliyoyaita kaswende ya zinaa yalikuwa buba au magonjwa yanayofanana nayo. Lakini hofu ilishapanda mbegu. Hospitali ya Mulago yenyewe ilianza mwaka 1913 kama mahali pa kutibu magonjwa ya zinaa. Mnamo 1919 Katharine Cook akaanza kufundisha wasichana ukunga kule Namirembe, katika shule iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana.

Wasichana hao walichujwa kwa tabia na dini sawa na kwa akili. Bweni, sala, ukaguzi. Mtu akisema ukali wa matroni zetu wa leo unatoka wapi, namwelekeza huko. Hata hivyo tazama walichofanya. Cook na mkewe waliwaandikia kitabu cha ukunga kwa Kiganda, na binti wa miaka ishirini hivi, akishafaulu mtihani, alipelekwa kwenye nyumba ya kujifungulia mashambani akakaa peke yake na sanduku la vifaa. Mtoto akikaa vibaya tumboni, hakuna gari la wagonjwa, hakuna simu. Aamue. Waliowafundisha walitaka wasaidizi watiifu, na mazingira yakawafanya watu wa kuamua.

Upande wa Wakatoliki kizuizi kilikuwa kingine. Mother Kevin, Mwairlandi, alifika Nsambya, Kampala, mwaka 1903 na masista wenzake watano, wakaanza kutibu watu. Lakini sheria ya Kanisa haikuwaruhusu watawa kuzalisha. Hebu fikiri: mama analia kwa uchungu mbele ya sista aliyesomea uuguzi, na sista hana ruhusa ya kumgusa! Njia iliyopatikana ilikuwa walei, waumini wasio watawa. Daktari Evelyn Connolly alikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwake mafunzo ya wakunga yakasimama pale Nsambya. Roma ililegeza kamba Februari 1936, zaidi ya miaka 30 tangu masista wale wafike mlimani pale. Wanawake wa Nsambya hawakusubiri Roma ili wazae.

Wanaume nao walikuwemo, ingawa picha za ukutani zimewasahau. Wakati wa vita dhidi ya Wajerumani, vijana wa Uganda, baadhi yao kutoka shule za misheni, waliingizwa katika kikosi cha tiba cha Waafrika na kuwahudumia wapagazi na askari waliokuwa wakifa kwa kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Kwamba uuguzi ni kazi ya wanawake ni jambo lililoletwa na shule za misheni, na wavulana wanaochekwa leo kwa kuvaa sare yetu wangefaa kulijua.

Miaka ya 1950 na 1960 naipita haraka, kwani ndiyo miaka ambayo kila mtu anaisifu: Mulago mpya mwaka 1962, shule zenye nidhamu, vyeti vilivyoheshimika nje. Kisha 1972 Amin akawafukuza Waasia, wataalamu wa kigeni wakaondoka, na wetu wengi wakawafuata kwa hofu. Waliobaki wodini walikuwa wauguzi na wasaidizi wao. Dawa hazipo, mshahara haununui sabuni. Nimefundishwa na mama mmoja aliyefanya kazi miaka ile. Alikuwa akichemsha sindano ileile hadi ncha inakuwa butu, kisha anainoa kwenye jiwe. Alituambia hivyo bila fahari yoyote, ili tujue kwa nini alikuwa anafoka tukitupa glavu safi.

Halafu ikaja slim, jina la mitaani la UKIMWI. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Rakai, kando ya ziwa pale Kasensero, walianza kukonda na kufa. Madaktari waliupa ugonjwa majina, wauguzi wakabadilisha mashuka. Hospitali zilijaa hadi varanda, na hapo ndipo kitu kipya kikaanza: huduma ikamfuata mgonjwa nyumbani. TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, ilianzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, hospitali za Nsambya na Kitovu nazo zikatuma timu zao vijijini. Aliyekaa mkekani na mgonjwa alikuwa muuguzi, na alichokikuta pale hakikuwa cha kutibika kwa wakati ule. Kilikuwa maumivu.

Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya maji ikaingia nchini. Ni dawa rahisi kuliko watu wanavyodhani: unga unapimwa, unachanganywa na maji na kihifadhi, unatiwa rangi ili nguvu zisichanganywe. Ya kijani ndiyo nyepesi. Mgonjwa anakunywa kila baada ya saa nne, usiku anakunywa dozi mara mbili ili alale bila kuamshwa, na pamoja nayo lazima apewe dawa ya kulainisha choo. Ukisahau hilo la mwisho, mgonjwa ataacha mofini kwa sababu ya tumbo, na familia itasema dawa imemshinda.

Kikwazo kilikuwa kalamu. Kwa sheria, mofini iliandikwa na daktari, daktari wa meno au wa mifugo. Wilaya nzima ilikuwa na madaktari wa kuhesabu kwa vidole, na mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi alikuwa juu ya mlima, siku nzima kutoka barabarani. Muuguzi aliyemtembelea alijua dozi, alijua dalili za kuzidisha, alikosa sahihi tu. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni: wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa wakaruhusiwa kuandika mofini ya kunywa. Afrika hakuna nchi iliyokuwa imethubutu hivyo kabla yetu. Kozi ilikuwa ya miezi 9, na waliotabiri kwamba mofini itamwagika mitaani wanangoja mpaka leo.

Kuna mwaka 2000 pia, ambao siwezi kuuruka. Ebola ilipoingia Gulu iliwakumba watu 425, wakafa 224. Katika hospitali ya Lacor wauguzi na wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine, na Novemba wenzao walikusanyika wakitaka hospitali ifungwe. Daktari Matthew Lukwiya aliwaambia anayetaka kuondoka aondoke, yeye atabaki. Wengi walirudi wodini. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba. Tunamkumbuka Lukwiya, na inafaa. Nataka tu wanafunzi wazitazame na zile sura nyingine, za waliorudi kwenye zamu bila kuwa na jina lolote kubwa la kulinda.

Kwenye makaratasi, taaluma imepanda. Makerere ilianza kutoa shahada ya uuguzi mwaka 1993. Sheria ya Wauguzi na Wakunga ya 1996 ikatupa baraza la kutusajili na kututia adabu. Kutoka cheti hadi diploma hadi shahada, ngazi ipo. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi aliyerudi na shahada alikuta hakuna nafasi ya shahada katika utumishi, akaendelea kulipwa kama wa diploma. Kisha tunashangaa wakienda Uingereza na nchi za Ghuba. Kuna wakati serikali yenyewe ilipanga kuwapeleka wahudumu wetu wa afya Trinidad na Tobago, huku vituo vyetu vikiwa na mapengo!

Nenda kituo cha afya cha ngazi ya pili, vile vidogo kabisa, ambavyo vingi sasa vinapandishwa kuwa vya tatu. Hapo hakuna daktari wala afisa tabibu. Kuna muuguzi mwenye cheti, na foleni. Yeye ndiye anayepima malaria, anayeamua kama mtoto ana nimonia, anayeandika antibiotiki, anayeamua nani apelekwe mbele na nani arudi nyumbani. Mtaala uliompa cheti ulimfundisha hasa kumpa mgonjwa dawa iliyoandikwa na mwingine. Mambo yakienda vizuri, takwimu ni za wilaya. Yakienda vibaya, anaulizwa ni nani aliyemruhusu.

Mofini ilitufundisha namna ya kulimaliza hili: taja dawa zipi, mfundishe mtu kwa miezi inayojulikana, mpe sahihi, halafu mkague daftari lake. Dawa za ARV zilifuata njia inayokaribiana nayo, na tangu mwaka 2012 wakunga wamekuwa wakiwaanzishia wajawazito dawa hizo kliniki bila kungoja daktari. Antibiotiki za kituo kidogo haziogopeshi kuliko mofini. Wanaoandaa mtaala mpya wa cheti wanaweza kuanza na hizo.