Je, wajua kwa nini hekalu la Ise kule Japani linajengwa upya kila baada ya miaka 20?

Hekalu takatifu kuliko yote ya dini ya Shinto lipo Ise, mkoa wa Mie, Japani, na majengo yake makuu yaliyosimama leo yalikamilika mwaka 2013. Ndio, 2013. Lakini muulize Mjapani yeyote atakwambia hekalu hilo lina zaidi ya miaka 1300, na anasema kweli kabisa, maana toka mwaka 690, enzi za malkia Jito, desturi ni kwamba kila baada ya miaka 20 hivi wanajenga jingine la namna ile ile kwenye kiwanja kilicho ubavuni, wanamhamisha mungu usiku, kisha lile la zamani wanalivunja. Ya 2013 ilikuwa mara ya 62. Ya 63 inakuja 2033 na ibada zake zimeshaanza toka 2025.

Kwanza tuwekane sawa, Ise sio jengo moja. Ni mahekalu 125 yaliyotawanyika, ila makubwa ni mawili: Naiku, la Amaterasu, mungu wa kike wa jua ambaye ukoo wa wafalme wa Japani unajihesabu kuwa umetoka kwake, na Geku, la Toyouke, mungu wa chakula, na huko Geku makuhani wanaandaa mlo wa miungu mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, wali, samaki, mwani, mboga, chumvi, maji, na moto wa kupikia hawawashi kwa kiberiti, wanapekecha kijiti mpaka kitoe cheche.

Sasa kwa nini wavunje? Jibu la haraka ambalo wengi wanatoa ni kwamba mbao zinaoza. Ni kweli kwa kiasi. Majengo ya Ise yana umbo la ghala la nafaka la zamani, sakafu imeinuliwa juu, paa la nyasi, na nguzo zimechimbiwa moja kwa moja ardhini bila jiwe chini, mbao zenyewe hazipakwi rangi wala dawa, kwa hiyo unyevu lazima ule nguzo kuanzia chini. Lakini hapa ndipo panaponinogea mimi: hao hao Wajapani, karne hiyo hiyo ya 7, walishajua kujenga kwa mbao jengo likadumu. Hekalu la Kibudha la Horyuji karibu na Nara nguzo zake zimekalia mawe, na linasimama mpaka leo, ndio miongoni mwa majengo ya mbao ya zamani zaidi duniani. Kwa hiyo Ise ingeweza kujengwa idumu. Waliamua isiwe hivyo, na wakaamua kwa makusudi.

Kuna kitabu cha sheria na taratibu cha mwaka 927, kinaitwa Engishiki, kinasema wazi kwamba hekalu lijengwe upya kila miaka 20, ila hakisemi kwa nini 20. Wataalamu wamebaki kuvutana. Wengine wanasema ni imani ya usafi, kwamba mungu akae mahali papya pasipo na uchakavu ili nguvu zake na za nchi zianze upya. Wengine wanasema ni mambo ya ghala, kwa sababu sheria za kale ziliruhusu wali uliokaushwa kuhifadhiwa mpaka miaka 20, na ujenzi wa namna hii unakula akiba, hivyo ungefuata mzunguko huo huo. Na wengine wanasema ni umri wa fundi, na mimi naegemea hapa. Hebu piga hesabu, kijana anaingia kwenye kazi akiwa na miaka 20 na kitu anashika tu mbao na kutumwa tumwa, ujenzi unaofuata ana miaka 40 na kitu ndiye fundi mkuu, wa tatu akijaliwa uhai ana 60 na kitu, amekaa pembeni anawasahihisha vijana. Hakuna wakati ambapo mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake hayupo.

Tena sio maseremala peke yao. Kila mara vinatengenezwa upya pia vitu vya mungu, aina 714, jumla yake 1576, nguo, panga, pinde, matandiko ya farasi, vyombo vya kufumia. Kuna upanga mmoja ambao mpini wake lazima upambwe kwa manyoya mawili ya ndege anayeitwa toki, na toki wa asili ya Japani wa mwisho alikufa 2003, kwa hiyo kupata manyoya tu ni shughuli pevu. Mfua panga, mfuma hariri, mpakaji wa laka (rangi ya utomvu wa mti), mchonga shaba, wote hawa wanapata kazi inayowalazimisha kufanya ile ngumu kabisa ya fani yao, sio ile ya kuuzia watalii.

Angalia wanavyokata mti wa kwanza. Miti ni hinoki, jamii ya mberoshi, na zinahitajika zaidi ya 10,000, nyingi zinatoka milima ya Kiso. Kabla hujagusa shoka kuna ibada ya kumuomba mungu wa mlima ruhusa. Halafu wakataji wanaanza kwa shoka, bila msumeno, wanatoboa shina kutoka pande tatu mpaka kati kati panakuwa wazi na mti umebaki umesimama kwa miguu mitatu tu, mti mkubwa wa mamia ya miaka, unaona mwanga upande wa pili. Wakikata mguu mmoja wa nyuma mti unalala pale pale walipotaka. Wakishamaliza wanachukua tawi la kilele cha mti ule ule wanalichomeka kwenye kisiki. Msomi Motoori Norinaga (1730–1801), ambaye kwao ni Matsusaka, jirani kabisa na Ise, na aliyetumia miaka kama 35 kuichambua Kojiki, kitabu cha kale cha masimulizi ya miungu ya Japani, aliandika kwamba kami sio tu miungu ya mbinguni, ni kitu chochote kisicho cha kawaida chenye kutia hofu na heshima, iwe mlima, bahari, mnyama au mti. Ukilielewa hilo hutaona ajabu mtu kuusujudia mti kabla ya kuukata.

Magogo yakifika mjini yanavutwa na wananchi wenyewe, maelfu ya watu kwenye kamba, ya Geku yanapita barabarani na ya Naiku yanaburutwa ndani ya mto Isuzu, watu wameloa mpaka kiunoni wanapiga kelele "enya! enya!". Baadae hekalu likikaribia kuisha wanarudi tena kutandaza kokoto nyeupe kulizunguka, na hiyo ndio nafasi yao ya kuingia uwanja ambao kwa kawaida haukanyagwi na raia.

Usiku wa kuhama taa zote zinazimwa. Kuhani anawika kama jogoo mara tatu, kisha kioo kitakatifu kinachomwakilisha Amaterasu kinatolewa kikiwa kimezungushiwa pazia la hariri nyeupe, msafara unatembea gizani mpaka nyumba mpya. Kuwika huko kuna asili yake, kwenye masimulizi ya kale Amaterasu alijifungia pangoni kwa hasira dunia yote ikawa giza, miungu wenzake wakakusanya majogoo yawike, wakatundika kioo, mungu wa kike Ame-no-Uzume akacheza ngoma mpaka wote wakacheka, na yeye akachungulia kuona kuna nini huko nje.

Mtu atauliza, je, nakala ni ile ile kweli? Hapana, sio asilimia mia, na ni vizuri kusema. Vita vya karne ya 15 na 16 vilikata desturi hii kwa zaidi ya miaka 120, na aliyeifufua hakuwa mfalme wala kuhani wa Shinto, ni watawa wanawake wa Kibudha wa nyumba ya utawa ya Keikoin waliozunguka nchi wakichangisha, wakafanikiwa kujenga upya Geku 1563, kisha yote mawili 1585 baada ya wakuu wa vita Oda Nobunaga na Toyotomi Hideyoshi nao kuchangia. Wasomi wa ujenzi wanaona tofauti kati ya hekalu la kabla na la baada ya pengo hilo. Kwangu mimi hiyo inaonesha uzito wa ile miaka 20, ukiacha ikapita vizazi vinne unabaki na maandishi tu.

Pengo jingine dogo lilikuja baada ya vita kuu ya pili. Zamu ilikuwa 1949, nchi imechoka, serikali imezuiwa kugharamia dini, ujenzi ukasogezwa mpaka 1953 kwa pesa za michango ya watu. Lakini watu wa Ise walisema angalau daraja la Uji, la kuingilia Naiku, lijengwe, likajengwa 1949 hiyo hiyo, na ndio maana mpaka leo daraja linatangulia hekalu kwa miaka minne, la mwisho ni la 2009. Gharama za 2013 zilifika kama yeni bilioni 55.

Na mbao za zamani hazitupwi. Nguzo kubwa zinazobeba mgongo wa paa zinachongwa upya kuwa malango ya torii kwenye ncha mbili za daraja la Uji, zinasimama hapo miaka 20, kisha zinapelekwa miji ya Kuwana na Seki kwenye njia ya zamani ya mahujaji kuwa torii tena miaka mingine 20. Nyingine zinagawiwa mahekalu ya nchi nzima, Ikuta pale Kobe walipata torii yao baada ya tetemeko la 1995.

Swali la misitu nalo walishalijibu. Mwaka 1923 walipanga mpango wa miaka 200 wa kupanda hinoki kwenye milima ya hekalu lenyewe, na 2013 karibu robo ya mbao zilitoka huko kwa mara ya kwanza baada ya karne nyingi. Miti inayotegemewa kuwa nguzo kubwa imepigwa mistari miwili ya rangi nyeupe, ile ya kawaida mstari mmoja, ili wanaopunguza msitu wajue ipi wasiiguse.