Pikapu ya 109 na Injini Iliyochoka: Ovaholi au Injini Nyingine?

Mwenye pikapu ya Land Rover 109, ile ndefu, akiingia gereji yangu hapa Arusha, mara nyingi uamuzi ameshaufanya njiani. "Fundi, hii injini imekufa. Nitafutie ya Hilux tuweke." Huwa namjibu, "Mzee wangu, umeileta hapa ukiiendesha, sasa imekufaje?" Tunacheka, kisha naenda kuchukua geji ya kompresheni, ile inayopima mgandamizo ndani ya silinda, maana mpaka hapo si yeye wala mimi anayejua inaumwa nini.

Nazungumzia Series III, zile zilizotoka kati ya 1971 na 1985, zenye injini ya lita 2.25. Ya petroli na ya dizeli zote ni 2286 cc, silinda nne. Nyingi zilianzia misheni, serikalini au kwenye mashamba ya kahawa, na zilizobaki bado zinabeba majani ya ng'ombe na mifuko ya saruji kila siku. Ukiniuliza mimi, swali la kuikarabati au kuibadilisha hujibiwa na vipimo viwili vitatu na kazi ya gari lenyewe. Bei ya injini sokoni huja mwisho kabisa, ingawa kila mtu huanza nayo.

Tuanze na moshi, kwa sababu ndio unaowatia watu hofu. Ukiteremka mlima mrefu mguu ukiwa nje ya mafuta, kisha ukikanyaga bondeni likatoka wingu la bluu, oili inapita kwenye gaidi za valvu, yaani vitundu ambamo valvu hupanda na kushuka. Hiyo ni kazi ya hedi, na bloku haina habari nayo. Moshi wa bluu usiokatika gari likivuta mzigo kupanda ndio unaonipeleka kwenye ringi na pistoni. Mweusi kwa dizeli, naangalia nozeli, pampu na chujio la hewa, lile la bakuli la oili ambalo wengi hawajalifungua tangu walinunue gari. Nimewahi kuona injini ikihukumiwa kufa huku chujio limejaa tope.

Kisha kompresheni. Injini iwe ya moto, na kwa petroli plagi zote nne zitoke na mtu akanyage mafuta mpaka chini wakati stata inazungusha. Hapa nitoe angalizo ambalo vitabu vya Uingereza havitakupa: Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na geji itasoma karibu asilimia 15 pungufu ya pale ingesoma Tanga. Kwa hiyo usilie kwa sababu hukufikia namba ya kitabu. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Zikiwa zote zimekaribiana, hata kama ziko chini kidogo, injini imechakaa kwa usawa na bado ina maisha. Moja ikiwa chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimeisha. Isipopanda, valvu haifungi. Mbili zilizo jirani zikianguka pamoja, gasketi imeungua katikati yao, na hapo unaweza kupona kwa kazi ya siku moja.

Presha ya oili nayo usiiamini ile taa ya kijani ya kwenye dashibodi. Ikija kuwaka, presha imeshaanguka vibaya. Nafungua swichi yake, nafunga geji, na tunaendesha mpaka oili iwe nyepesi. Injini hizi zikiwa na moto na kwenye mwendo wa kawaida zinatakiwa zitoe psi 35 hadi 65. Ikikaa 20 na haipandi, beringi zimekwisha au pampu ya oili imechoka, na sasa ndipo tunaposhusha injini.

Ikishafunguliwa, krankshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ndiyo hakimu. Naanza kwa kugeuza beringi za zamani, maana nyuma yake zimeandikwa: STD ni ya kiwandani, 010 imechongwa mara moja, halafu 020, 030, 040. Hizo ni elfu za inchi. Kila ovaholi iliyopita imekula hatua yake. Ukikuta 040, hakuna kuchonga tena. Unatafuta krankshafti nyingine. Silinda nazo hufuata mtindo huohuo kwa upande wa kupanuka, hadi 040, yaani karibu milimita moja. Lakini silinda zina njia ya pili: bloku iliyofika mwisho inaweza kutiwa slivu (bomba jipya ndani ya silinda) na kurudishwa kipimo cha mwanzo, mradi haina ufa. Kwa hiyo silinda kubwa hazinitishi. Krankshafti iliyofika mwisho hunitisha zaidi, na bloku yenye ufa humaliza maongezi.

Usimwachie mchongaji apime peke yake. Nenda na maikromita, au nenda na fundi mwenye nayo. Nimepokea kutoka karakana krankshafti iliyoandikwa 020 ambayo sehemu moja ya kukalia beringi ilikuwa mviringo wa yai, na kama ingefungwa hivyo ingegonga kabla ya mwezi kuisha. Hakikisha pia konrodi zimepimwa kama zimepinda, na kwamba njia za maji za bloku zimesafishwa mpaka nyuma ya silinda ya nne. Huko ndiko kutu na matope ya maji ya mtoni hujikusanya, na ndiyo sababu injini "mpya" huanza kuchemsha wiki ya kwanza halafu lawama zikaenda kwa rejeta.

Kwa petroli kuna jambo la hedi. Injini hizi zilizaliwa enzi za petroli yenye risasi, na risasi ilikuwa inalinda siti za valvu za kutolea moshi. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Siti zikiwa zimeshazama, weka ngumu mara moja hedi ikiwa mezani, usisubiri safari nyingine.

Dizeli ya 2.25 ni habari nyingine. Zilizotengenezwa kabla ya 1980 zina beringi tatu tu za meini, zile zinazoshikilia krankshafti kwenye bloku, na krankshafti zake zinajulikana kwa kukatika. Kuanzia 1980 zikawa tano. Mteja mwenye dizeli ya beringi tatu iliyochongwa mara kadhaa simpi moyo wa kufanya ovaholi. Atatumia pesa nzuri kwenye chuma kilichochoka, na akimaliza atakuwa na nguvu farasi 62 za kupandisha mzigo kona za Mto wa Mbu. Heta plagi zake pia zimeungwa kwa kufuatana, moja ikiungua zote nne zinalala. Asubuhi za Julai wenye nazo wanajua.

Sasa tuje kwa hilo la "weka ya Hilux". Injini za Kijapani kama Toyota 3L au Nissan TD27 ni nzuri, spea zake zimejaa Gerezani, Dar es Salaam, na kila mji wenye gereji, na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni jinsi zinavyofungwa. Kati ya injini na gia boksi inakuja adapta pleti, na hiyo lazima ichongwe ili katikati ya krankshafti na katikati ya shafti ya gia boksi zilingane kabisa. Ikipishana kidogo tu, klachi inatetemeka na beringi ya mbele ya gia boksi inakufa polepole. Kisha sampo, bakuli la oili la chini ya injini, inakuja kugusa eksili ya mbele, fundi anaondoa propela ya mbele "kwa muda", na tangu siku hiyo gari halina tena magurudumu manne ya kuvuta. Pikapu za namna hiyo ni nyingi mjini hapa. Mwenyewe alinunua Land Rover kwa ajili ya tope la masika, sasa anavutwa na trekta kama wengine.

Kama petroli yako haifai tena au dizeli ndiyo imefika mwisho, injini ninayoipendekeza ni 200Tdi, dizeli ya turbo ya Land Rover yenyewe, ya lita 2.5, iliyoanza kwenye Discovery mwaka 1989. Ni mjukuu wa hiyohiyo 2.25, kwa hiyo inakubali gia boksi ya Series bila adapta. Iliyotoka kwenye Defender hukaa vizuri. Ya Discovery turbo yake iko chini na hugongana na chasisi, itabidi ubadilishe manifoldi. Rejeta na ekzosi pia vitabadilika, hilo liingize kwenye hesabu tangu mwanzo. 300Tdi nayo inaingia, ila ina marekebisho zaidi. Ukinunua ya mtumba, badilisha mkanda wa taimingi kabla hujaiwasha hata kama muuzaji anaapa kuwa ni mpya. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Tatizo la Tdi ni kwamba ina nguvu kuliko gari lenyewe. Injini ya petroli ya zamani ilikuwa na nguvu ya kuzungusha ya karibu Nm 163. 200Tdi inatoa zaidi ya 250. Gia boksi ile ya gia nne haikuundwa kwa ajili hiyo, na dereva akiikanyaga gia ya kwanza na mzigo wa mawe nyuma, itasema. Halafu kuna difu: kwa uwiano wa 4.7, gia ya nne kwenye mizunguko 3,000 unakwenda karibu kilomita 80 kwa saa. Dizeli iliyobanwa hivyo safari nzima hadi Dodoma itapiga kelele na kula mafuta ambayo ulitaka kuyaokoa. Na breki bado ni za dramu. Kabla sijamfungia mtu Tdi nafungua magurudumu yote manne kwanza, na asiyetaka kulipia breki sifanyi kazi yake. Wengine huondoa turbo kabisa wakaiendesha hivyo. Gari linakuwa na nguvu za wastani, na gia boksi inadumu. Kwa pikapu ya shamba naona ni wazo zuri kuliko linavyosifiwa.

Kinachobaki ni kazi ya gari. Petroli iliyo na krankshafti ya 010 au 020 na bloku nzima, inayokwenda sokoni mara mbili kwa wiki, ifanyie ovaholi. Hutaijutia. Lakini kama inakimbia kilomita 100 kila siku, petroli ikienda kilomita 6 kwa lita inakunywa karibu lita 17, wakati Tdi iliyofungwa vizuri itatosheka na 10. Hiyo tofauti ya kila siku italipa rejeta, breki na ufundi wangu, na mwenye gari hahitaji kunisikiliza ili aione. Atachukua kalamu mwenyewe.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo injini ikibadilika kadi nayo irekebishwe TRA, Mamlaka ya Mapato. Kabla hujatoa pesa kwa muuzaji wa injini ya mtumba, pangusa bloku usome namba mwenyewe, kisha uhakikishe ndiyo iliyoandikwa kwenye risiti. Anayekwambia risiti atakuletea kesho, injini nayo mwambie utaichukua kesho.