Norwei sio kila kitu ghali, na tafadhali punguza hiyo nyama kwenye buti la gari

Wiki iliyopita nimepigiwa simu tena. Kaka mmoja wa hapa hapa Göteborg, Uswidi, anapeleka familia Oslo siku nne, na swali lake la kwanza halikuwa pa kulala wala njia, aliuliza kuliboksi langu, lile sanduku la kubebea vyakula vya baridi, nilinunua wapi na linaingiza kilo ngapi. Nikajua tu, ameshajazwa maneno kwamba Norwei ukinunua mkate unarudi bila shati. Mimi naendesha basi dogo Göteborg–Oslo, nabeba kwaya, watu wa harusi, watu wa msiba, wageni waliotoka Dar na Bujumbura, na katika yote ninayoulizwa hili la "kule kila kitu ghali, beba kila kitu" ndo limenichosha kabisa. Naliandika mara moja hapa.

Norwei ghali ni mikono ya watu. Mtu akikuhudumia, akikubebea, akikupikia, akikuendesha, unalipa, kwa sababu kule hakuna kazi ya ujira wa kutupwa, mhudumu wa mgahawa naye analipa kodi ya nyumba Oslo. Kwa hiyo teksi sahau. Mgahawa wa kukaa na kuagiza, mara moja kwa safari inatosha. Cha pili ni pombe, serikali imeamua iwe ghali, bia ikizidi asilimia 4.7 huipati supamaketi, inauzwa Vinmonopolet, maduka ya serikali yaliyoanza 1922, na hata ile nyepesi supamaketi wanafunga kuuza saa mbili usiku, Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Cha tatu nyama na jibini. Ardhi inayolimika kule ni kama asilimia 3 tu ya nchi, mengine milima na misitu, sasa wakulima wao wanalindwa kwa ushuru mkubwa kwa vinavyotoka nje. Ndo maana Wanorwei wenyewe wikendi wanavuka daraja la Svinesund la mpakani kuja Strömstad, upande wa Uswidi, kununua nyama kwetu, na wana jina lake kabisa, harryhandel.

Basi. Vingine vyote ni kujua tu unaponunua. Mkate, mayai, tambi, maziwa, samaki wa makopo, ingia supamaketi za Kiwi, Rema 1000 au Extra, angalia rafu za chini kwenye vifungashio vya First Price au Xtra, bei utaielewa. Mkate unaweza kununua nusu. Mboga, ndizi za kupika, viungo, unga, nyama ya halali, nenda mtaa wa Grønland hapo Oslo, kwenye maduka ya Wapakistani na Wasomali, utadhani uko kwenye duka lako la hapa Göteborg. Maji ni ya bomba, tafadhali sana, yanashinda ya chupa. Ukinunua soda, chupa usitupe, kuna krona 2 au 3 juu yake, unairudisha kwenye mashine dukani.

Na hili hakuna anayewaambia wageni: ukifika kaunta ya chakula unaulizwa "spise her eller ta med?", yaani utakula hapa au unabeba. Wengi wanajibu bila kufikiria. Chakula cha kubeba kodi yake ni asilimia 15, ukikaa ndani ni 25, na sehemu nyingi utaona bei mbili ubaoni kwa sahani ile ile. Hali ya hewa ikiwa nzuri sema "ta med", kaleni juu ya paa la jumba la opera pale baharini, linapandwa na kila mtu bure.

Sasa boda, yaani mpakani, na hapa naomba mnisome taratibu.

Watu wanasema "si Schengen? hakuna mpaka." Mpaka wa pasi, ambao Schengen imeuondoa kati ya nchi zake, ni kitu kimoja, mpaka wa mizigo ni kitu kingine! Norwei wamepiga kura mara mbili, 1972 na 1994, na mara zote mbili wamekataa kuingia Umoja wa Ulaya. Wako kwenye EEA, soko la pamoja na nchi za Umoja wa Ulaya, ndo maana bando lako la simu la Uswidi linafanya kazi kule bila gharama ya ziada, na wameingia Schengen 2001, lakini umoja wa forodha HAWAMO. Kwa hiyo unapita Svinesund bila kuulizwa pasi, halafu mita chache mbele forodha wanakusimamisha kwa haki kabisa. Nyama na jibini kutoka nchi za EEA, kwa pamoja, mwisho kilo 10 kwa mtu. Lebo ya duka usiitoe, ndo ushahidi wako. Nyama, maziwa, samli aliyokufungia mama kutoka nyumbani Afrika, hapana, hata kidogo. Na viazi! Viazi mviringo haviruhusiwi kabisa kwa msafiri, wanaogopa magonjwa ya mimea, hata kama umenunua jana supamaketi ya Uswidi. Kila nikisema hili kwenye basi kuna mtu anacheka, halafu kuna mtu anafungua begi kimya kimya.

Nimewahi kusimama pale na abiria mmoja, alikuwa anapeleka mbuzi kwenye harusi ya mpwa wake. Peke yake, kilo 23. Afisa alitoa mfuko mmoja mmoja anaweka kwenye mizani, barafu inayeyuka inatiririka mezani, na yule ndugu anasema kwa sauti ya chini "nilidhani ni Ulaya moja." Tulikuwa tumepita njia ya kijani, ya wasio na cha kutangaza. Angepita nyekundu akasema mwenyewe nina kilo 23, angelipia ushuru tu wa kilo zilizozidi, yaishe. Alilipa na faini. Mbuzi huyo huyo angempata Grønland na hela ingebaki ya zawadi.

Hati: kadi ya ukaazi ya Uswidi peke yake haitoshi, beba na pasipoti. Mwenye LMA, kadi ya mwomba hifadhi Uswidi, asivuke kabisa, ile sio hati ya kusafiria, na nimeumia sana kumshusha mtu Strömstad kwa sababu hiyo. Mgeni mwenye visa ya kuingia mara moja anayeota kwenda Svalbard, visiwa vya Norwei kaskazini kabisa, ajue kule ni nje ya Schengen, kurudi bara ni kuingia upya.

Krona ya kwetu sio krona yao. Usibadilishe noti, tumia kadi, na mashine ikikuuliza ulipe kwa krona za Uswidi au za Norwei, chagua za Norwei kila mara, la sivyo mwenye mashine anakupangia reti yake.

Ukitokea uwanja wa ndege wa Gardermoen, panda treni ya kawaida ya Vy, nauli ni kama nusu ya Flytoget, treni ya haraka ya uwanja wa ndege, na mnapishana dakika chache tu. Tiketi ya Ruter, usafiri wa umma wa mjini, inakupandisha mpaka boti za visiwani, wapeleke watoto Hovedøya. Oslo Pass, kadi ya kuingilia makumbusho, bado naisitia, kwa anayeingia makumbusho matatu kwa siku inalipa, lakini familia zetu nyingi zinaingia moja halafu zinataka kwenda kwa shangazi. Kulala kwenye hema nako kunaruhusiwa bure porini, siku mbili mahali pamoja, mita 150 kutoka nyumba ya mtu. Sheria nzuri sana, ila kwa mwenye mtoto mchanga nasita kumshauri, usiku kule Julai unaweza kuwa baridi kama Juni ya Njombe.

Na mwenye kwenda na gari, tozo za barabara hazina kibanda cha kulipia, kamera inapiga picha namba ukipita, bili inakuja nyumbani baadaye. Kama gari umeazima, mwambie mwenyewe mapema umepita Oslo mara ngapi, kabla barua hazijaanza kumfikia.